Nunda Alianza Akiwa Paka

Nkuhungu, hapa Dodoma, kijana anayeweka muvi kwenye fleshi hakuulizi unapenda hadithi za aina gani. Anauliza unataka "ya vampaya", "ya Kikorea" au "ya wale ndugu wawili", kisha anauliza umefika sizoni ya ngapi. Nilipomjibu kwamba ya ndugu wawili nimefika ya saba na nataka zote zilizobaki, aliacha kipanya akanitazama kwa huruma.

"Kaka, ishia hapo hapo. Mbele huko wanapigana na Mungu."

Alikuwa anaizungumzia Supernatural, tamthilia ya Marekani iliyoanza Septemba 2005 na kufungwa Novemba 2020 baada ya misimu 15 na vipande 327. Inaanza na Sam na Dean Winchester, ndugu wawili wanaozunguka nchi kwa Chevrolet Impala ya mwaka 1967, wakimtafuta baba yao na kuifukuza mizimu kwenye nyumba za watu. Inafika kweli pale alipopasema kijana. Mizimu imeshakuwa kazi ya mapumziko, mashetani wengine wamegeuka wasaidizi, malaika wamechinjwa kwa makumi, na adui aliyebaki ni Muumba mwenyewe.

Ushauri wake ndio ushauri wa watazamaji wengi: zitazame tamthilia hizi zikiwa ndogo, zikimbie zikikua. Nilizichukua zote, nikazimaliza, na nimetoka na wazo tofauti kidogo. Hadithi hizi zinaweza kukua hadi mbinguni na bado zikatisha. Zinapokufa, zinakufa kwa kufuta masharti.

Masharti nayasema kwa maana yake ya huku. Aliyekulia Tanzania anajua dawa haiji mikono mitupu. Usigeuke nyuma mpaka ufike barabarani. Usimwitikie atakayekuita njiani. Usile bamia siku saba. Anayekusimulia kisa cha fulani aliyekwenda kwa mganga akatajirika hakai sana kwenye utajiri. Anaharakisha kufika kwenye sharti, maana hata wewe unalisubiri, na wote wawili mnajua litavunjwa. Fumo Liongo wa pwani hakudhurika kwa mkuki wala mshale, lakini kulikuwa na sindano ya shaba, na kulikuwa na kitovu, na mwanawe akaijua siri. Hadithi yote imelala kwenye kitovu kile. Mtambaji angetuambia kesho yake kwamba Liongo amefufuka kwa sababu wasikilizaji wamempenda, tungenyanyuka mmoja mmoja tukalale.

Misimu ya mwanzo ya Supernatural ni masharti matupu. Mzimu hauvuki mstari wa chumvi. Chuma kinautawanya, lakini kwa muda tu. Ukitaka uondoke moja kwa moja, chimba kaburi, mwagia mifupa chumvi, choma. Na kama maiti ilishachomwa zamani, anza kutafuta unywele wake au kitu alichokithamini. Kipande cha kwanza kabisa kina mwanamke wa gauni jeupe anayeomba lifti usiku. Hicho hakihitaji kutafsiriwa. Dereva wa lori anayepita Manyoni saa nane za usiku ana mwanamke wake wa kukusimulia, na wa kwake ana kwato.

Halafu kuna njia panda. Mwenye shida anafukia kijiboksi katikati ya njia panda, ndani yake picha yake na udongo wa makaburini, na pepo anatokea kumpa anachotaka. Malipo ni roho, baada ya miaka kumi, na wakusanya deni ni mbwa wa kuzimu. Wamarekani wameitoa kwenye visa vya wapiga magitaa weusi wa Mississippi, lakini mtu wa Chang'ombe aliyewahi kukuta chungu kilichovunjwa njia panda alfajiri, akakizunguka kwa mbali bila kukikanyaga, hana swali la kuuliza.

Mwisho wa msimu wa pili Sam anauawa. Kaka yake anakwenda njia panda, na kwa kuwa pepo wanajua alivyobanwa, wanampa mwaka mmoja badala ya kumi. Msimu wa tatu wote unakwenda na deni hilo. Ulitoka mfupi, vipande 16 tu, kwa sababu waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, na nadhani mgomo ule uliusaidia, kwani haukuacha nafasi ya kuzembea. Siku inafika, mbwa wanakuja, Dean anararuliwa sebuleni, na mara ya mwisho tunamwona ananing'inia kuzimu akiliita jina la mdogo wake. Tulikuwa sita kwenye chumba kimoja cha hosteli, kule juu Chuo Kikuu cha Dodoma, tukitazama kwenye kompyuta ya mwenzetu mmoja. Hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Msimu wa nne ukaanza, na malaika kamtoa.

Nisiwe mkaidi. Kile kipande anachoingia malaika huyo, Castiel, ghalani, taa zikipasuka juu yake na kivuli cha mbawa kikipanda ukutani, ni kizuri mno. Na mara ile ya kwanza waandishi walilipa. Tunakuja kuambiwa kwamba kule kuzimu Dean, baada ya kuteswa miaka mingi, alikubali kuwatesa wengine, na kwa kufanya hivyo akavunja muhuri wa kwanza wa kumfungulia Ibilisi. Amerudi, ila gharama imepanda kutoka roho moja hadi dunia nzima. Hapo sharti halijafutwa, limenenepa. Kufuta kulikuja baadaye, walipozoea. Kuanzia msimu wa sita kufa kukawa kama kukosa treni ya asubuhi ya Dar: unakaa stesheni, unakunywa chai, unapanda ya mchana. Mtoto wa kibanda umiza anajua steringi hafi, na bado anaogopa, kwa sababu anamhesabia steringi hasara nyingine: rafiki, mkono, mke, nyumba. Siku anapogundua kwamba hata hizo zinarudishwa, anaomba shilingi mia ya karanga na macho yanaanza kuzunguka ukumbini.

Yapo maelezo ya kibiashara, nayo ni mafupi. Eric Kripke, aliyeibuni, alikuwa na hadithi ya misimu mitano. Aliisimamia mitano, na Mei 2010 hadithi yake ikaisha. Kituo kilikuwa na watazamaji waaminifu, waigizaji walikuwa tayari, na kila mwaka vilihitajika vipande ishirini na kitu vya kujaza ratiba, kwa hiyo wakaja wasimamizi wengine na misimu kumi mingine. Sisi tulionunua Bongo muvi moja mara mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, wakati hadithi yenyewe ingetosha kwenye diski moja na nafasi ikabaki, hatuna haki ya kushangaa. Shida ni hesabu tu. Ukishamwangusha Ibilisi mwezi Mei, Septemba unamleta nani?

Kuna hadithi ya pwani iliyolijibu swali hili zamani. Askofu Edward Steere aliichapisha pamoja na ngano nyingine za Zanzibar mwaka 1870, na waliotambiwa na bibi zao hawakuhitaji kitabu: Nunda mla watu. Mwana mdogo wa sultani anaondoka kwenda kumwinda nunda. Anaua mbwa, anamkokota hadi nyumbani akiimba kwamba amemuua nunda, na mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Anarudi porini, anaua mnyama mkubwa zaidi. Mama anasema siye. Anapanda hivyo hivyo hadi tembo, na bado siye. Ngazi ile ile ya tamthilia, msimu kwa msimu, adui kwa adui, na msikilizaji hachoki. Mtoto mdogo anataka hata ziongezwe ngazi.

Hachoki kwa sababu anajua nunda ni nani. Kabla ya safari hiyo ameshaambiwa kwamba nunda alikuwa paka wa sultani mwenyewe. Paka alianza kula mifugo ya nyumbani, watu wakashtaki, na sultani akawajibu kwamba paka ni wake na mfugo ni wake, wanamsumbua kwa lipi? Paka akala, akakua, akaingia kwenye watu, na sultani hakukubali kumwita nunda mpaka alipowala wanawe. Kwa hiyo kijana anapopanda ngazi yake ya wanyama, kilele tunakijua tangu mwanzo, na kilele chenyewe kilizaliwa jikoni.

Tazama sasa msimu wa tano wa wale ndugu wawili. Kiama, Ibilisi, malaika mkuu Mikaeli: ngazi ya juu kuliko zote. Lakini ugomvi wa Mikaeli na Ibilisi ni wa kaka mtiifu na mdogo mtoro, na baba aliyeondoka bila kuaga. Ndio ugomvi wa Dean na Sam uliokuwepo tangu kipande cha kwanza. Pambano la mwisho linafanyika makaburini, na kinachomshinda Ibilisi aliyeuvaa mwili wa Sam ni kuona ndani ya Impala kijisanamu cha askari wa plastiki, alichokichomeka Sam kwenye kisahani cha majivu ya sigara akiwa mtoto. Paka wa nyumbani. Kisha njoo msimu wa saba, wanapotokea Leviathani, wala watu wa kale waliotoka shimoni. Wanatisha kwa meno, ni werevu, wanataka kutufuga kama ng'ombe, na hawana uhusiano wowote na nyumba ya Winchester. Mama wa nunda angeliimba jibu lake hata kabla hawajafikishwa mlangoni.

The Vampire Diaries, iliyodumu kuanzia 2009 hadi 2017, inaonyesha ugonjwa huo kwa uwazi zaidi. Ina vampaya (ukimweleza bibi wa huku atakuuliza kama ndio mumiani) mwenye miaka zaidi ya mia, anatutisha. Kisha wanakuja vampaya wa asili, wenye miaka elfu. Kisha anachimbuliwa Silas, mwenye miaka elfu mbili. Umri umekuwa cheo. Kila mzee ana mzee wake, kama kikao cha ukoo ambacho kila babu akifika anainuka mwingine kumpisha kiti.

Jambo moja ambalo wachambuzi hulipita haraka ni kwamba adui akikua, ukumbi unasinyaa. Bajeti ya televisheni inatosha kuchoma nyumba moja. Haitoshi kuiteketeza dunia. Mzimu ni rahisi kuuonyesha, unahitaji korido, ukimya na mlango unaojifungua. Malaika wenye majeshi huwezi kuwaonyesha, basi unamvalisha mtu koti refu, unamsimamisha jikoni, anaelezea vita inayopiganwa mahali pengine. Kuanzia hapo tamthilia ya kutisha inageuka tamthilia ya vikao. Watu wamesimama chumbani wakiambiana mambo makubwa. Nimeshahudhuria vikao vya harusi vyenye hofu kuliko baadhi ya vile vya mbinguni.

Na "dunia itaisha" ni sentensi nyepesi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa haina uso. Huku Ugogo dunia iliwahi kuisha, na ilipewa jina: Mtunya. Ni njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikagoma. Mtu akitaka nikione kilichotokea, anionyeshe kihenge kimoja kilichofagiliwa hadi vumbi na anayekifagia. Akinionyesha anga jekundu juu ya mji mzima, nitasifu ufundi wa kompyuta.

Buffy the Vampire Slayer walilielewa hili mapema. Ilianza 1997 na kuisha 2003, misimu saba. Msimu wa tano una adui ambaye ni mungu wa kike, mwenye nguvu ya kumrusha Buffy ukutani kama kanga iliyolowa. Lakini waulize walioutazama kipande gani kiliwanyima usingizi, watakutajia kile cha Februari 2001 ambacho Buffy anarudi nyumbani na kumkuta mama yake kwenye kochi, amekufa kwa mshipa uliopasuka kichwani. Hakuna muziki hata kidogo. Hakuna pepo wa kulaumiwa. Mwisho wa msimu ule Buffy mwenyewe anakufa, na wa sita unapoanza marafiki zake wanamfufua kwa uchawi. Hapa ningetarajia masharti yafutwe. Yanakazwa. Tunakuja kujua kwamba alikuwa peponi, ametulia, na wao wamemrarua kutoka huko kumrudisha kwenye nyumba ambayo bomba la chini limepasuka, maji yamejaa, na fundi anadai hela ambayo haipo. Aliyempiga mungu anakwenda kuomba kazi ya kuuza baga. Msimu ule ulichukiwa na wengi, wakisema una huzuni na maadui wake ni vijana watatu wa mtaani wasio na maana. Mimi nauona ndio ujasiri mkubwa kuliko wote katika aina hii ya tamthilia. Walifika juu ya ngazi, wakashuka kwa miguu yao.

The X-Files haikushuka wala kupanda vizuri. Ilienda njia mbili sambamba, jitu la wiki upande huu na njama kuu ya viumbe wa angani upande ule, na njama hiyo ilivyozidi kuongezewa majibu ndivyo ilivyozidi kutoeleweka. Majitu ya wiki ndiyo watu bado wanayasimulia.

Nirudi kwa ndugu wawili, maana nimebakiza mambo matatu nao.

La kwanza ni nyumba. Mwanzoni walilala gesti za barabarani, wakilipa kwa kadi za benki za majina ya uongo. Msimu wa nane wakarithi handaki la siri lenye maktaba, jiko na vyumba vya kulala. Watazamaji walifurahi, na mimi nilifurahi, kama unavyofurahi rafiki aliyepanga miaka mingi anapohamia kwake. Lakini umaskini wao ulikuwa sharti lisiloandikwa. Mtu anayefukuza mizimu akiwa hana hela ya mafuta ana hofu mbili. Aliyehamia handakini amebaki na moja, nayo imeshakuwa sugu. Sidhani ni bahati tu kwamba kipande kilichopendwa mno katika miaka ile ya baadaye, cha mwaka 2015, kinafanyika chote ndani ya ile Impala. Msimu mzima una Giza, dada yake Mungu, anayetaka kuufuta ulimwengu. Sisi tunakumbuka ndugu wawili wakiimba garini.

La pili ni huyo Mungu. Huku kwetu ngazi ya tamthilia ina dari ambalo waandishi wa Marekani hawalioni. Familia yenye kalenda ya kanisa ukutani, au aya ya Kurani juu ya mlango, itatazama majini, mapepo na hata Ibilisi akipigwa, na bibi atashangilia. Akitokea mwanamume mwenye ndevu ambaye ni Mungu, ni mwandishi wa vitabu, mlevi kidogo na mwenye kinyongo, rimoti inachukuliwa. Haichukuliwi kwa uchovu. Inachukuliwa kwa kuwa haifai. Nadhani yule kijana wa fleshi alikuwa ananionya hilo zaidi ya ubora wa hadithi.

Nami naelewa, ingawa wazo lenyewe lina ujanja. Mungu wa tamthilia ile ni mwandishi aliyechoshwa na kazi yake, anayewaandikia ndugu wawili balaa juu ya balaa kwa sababu yeye ndiye anayeburudika. Kwa maneno mengine waandishi walijishtaki: tumewatesa hawa watu miaka kumi na tano ili ratiba ijae. Ni kukiri kwa mwizi anayekiri huku amekalia mzigo.

La tatu ni nondo. Ndugu wanamshinda Mungu katika kipande cha kabla ya mwisho. Cha mwisho kabisa wanakwenda kwenye kazi ndogo, vampaya ghalani, na katika kupigana Dean anasukumwa nyuma kwenye nguzo iliyotokeza nondo, inamwingia mgongoni. Anafia pale pale amesimama, akimwomba mdogo wake asimfufue. Mashabiki walikasirika sana. Mtu aliyekwenda kuzimu na kurudi, akafa mara zisizohesabika, akamwangusha Muumba, anauliwa na chuma cha ujenzi?

Mimi niliitazama hapa Dodoma, mji ambao kila uchochoro una nguzo iliyoachiwa nondo zikitazama juu, zikingoja ghorofa ya pili ambayo mwenye nyumba ataijenga akipata, na watoto wanacheza kombolela katikati yake. Nilishika mgongo. Kwa mara ya kwanza baada ya misimu kumi niliamini kwamba mtu yule anaweza kufa. Sharti lilikuwa limerudi, bila malaika wala njia panda. Na lugha yetu ilinipa zawadi ambayo waandishi hawakuikusudia, kwani katika Kiswahili cha zamani nondo ni lile joka kubwa la hadithini.

Mwezi uliopita shangazi yangu alikuja kutoka Bahi kwa ajili ya kliniki, akakaa siku tano. Usiku mmoja alinikuta nimerudia kipande cha kwanza, kile ambacho mama yao amebandikwa darini juu ya kitanda cha mtoto, anawaka moto. Alisimama nyuma ya kochi na mwiko mkononi, akatazama mpaka nyumba ilipoteketea na baba akatoka na watoto wake.

"Huyo mama yao walimzika wapi?"

Nikamwambia hawakuzika, Shangazi. Mwili wote uliungua. Baadaye kuna msimu wanakwenda kwenye jiwe la kaburi lenye jina lake, lakini chini hamna kitu.

"Hamna kitu?"

"Hamna."

"Basi hao watoto hawatatulia," akasema, akarudi jikoni kuutazama mlenda wake usimwagike.